Mji wa Valfreda Ulivyokuja Katonga

Darasa lilianza saa nane mchana, dagaa wakiwa wameshaanikwa. Katika kibanda cha kanisa pale mwaloni Katonga, mitumbwi ya ziwani inapoegeshwa, Gloriose alisimama mbele ya wakimbizi wenzake kutoka Burundi akawaelezea Valfreda, mji mdogo wa kaskazini mwa Italia ambao parokia yake ilikubali kupokea familia chache. Yeye mwenyewe hakuwahi kufika huko. Kabla ya vita aliwapikia masista waliozaliwa Valfreda, na kila walipokaa naye jikoni kumenya viazi, hawakuwa na habari nyingine.

"Kuna daraja lenye paa la mbao," alisema. "Limeungua mara nyingi, na kila mara wamelijenga vilevile lilivyokuwa."

Daraja likatokeza ziwani, karibu na ufuko, likichuruzika maji. Wavuvi wakasogeza mitumbwi yao.

Siku zilizofuata alifundisha mnara wa kengele, nao ukaja. Akafundisha nyumba zenye matao ambamo wanauza jibini, uwanja wa mawe, na ugali wa njano unaomwagwa juu ya ubao na kukatwa kwa uzi. Wanawake wa Katonga waligundua kwamba mawe ya uwanjani yanashika joto kuliko mchanga, wakahamishia dagaa wao huko. Mwanvua, Mha mwenyeji aliyempangisha Gloriose chumba, alilalamikia kengele tu, kwa kuwa iligongwa wakati wa adhana.

Waliopangiwa kusafiri ni Gloriose, mumewe Habonimana na binti yao Léoncie. Aurore, mdogo wake Gloriose, hakuwamo katika safari, lakini alikaa mbele darasani kila siku.

"Dada, chumvi wanaiitaje?"

"Sale."

"Na ukimwamkia mama mkwe?"

Gloriose alimfundisha hilo pia.

Wiki ambayo wageni kutoka Valfreda walikuja kuwahoji wasafiri, malaria ilimlaza Gloriose hospitali. Habonimana alimletea uji, akamnywesha kwa kijiko.

"Pumzika, mama Léoncie. Mahojiano yamesogezwa mbele."

Aliporuhusiwa alikuta chumba kimefagiliwa. Nguo za mtoto hazikuwepo. Mwanvua alimkalisha kwenye mkeka kabla ya kumwambia.

"Wameondoka na treni, leo siku ya nne. Nilidhani wanakwenda kukusubiri Dar. Aurore amejibu maswali kwa jina lako, dada. Wageni walimsifu, eti hawajaona mkimbizi anayeujua mji wao namna ile."

Gloriose aliomba maji, akanywa, akaenda kwa Padri Alphonce, msimamizi wa safari, ambaye siku za mahojiano hakuwepo, alikuwa Kalinzi. Padri alimsikiliza hadi mwisho.

"Wameshafika," alisema. "Nikiwaandikia Valfreda leo, watarudishwa wote watatu. Na huko mnakotoka bado wanauana."

"Mtoto pia?"

"Mtoto pia."

"Basi usiandike."

Padri alishukuru, akamwuliza kama angeweza kufundisha kundi linalofuata.

Mji ulibaki pale ziwani. Siku moja madirisha juu ya matao yakafunguliwa, watu wakaanza kuonekana. Wanawake waliokuwa wakigeuza dagaa waliwapisha. Habonimana alipita na koti zito, akanunua mkate. Aurore alianika shuka dirishani. Alikuwa amenenepa kidogo, amevaa pete ya Gloriose.

Gloriose alivuka daraja, akasimama chini ya dirisha.

"Aurore! Mdogo wangu!"

Aurore alinyoosha kona za shuka. Nyuma yake Léoncie aliita, "Mama!" Gloriose aliitika kutoka chini. Aurore aliitika kutoka ndani, na mtoto akamkimbilia. Dirisha likafungwa.

Mwanvua alimfuata, akamshika mkono.

"Twende nyumbani. Kule ni Ulaya, dada, ni mbali. Labda hawakusikii."

"Wananisikia," alisema Gloriose.