Mshenga na Moshi wa Mpumalanga

Kwetu sisi Wajaluo wa Rorya, kijana akija kuposa hasemi neno. Mshenga wake ndiye mdomo. Gidion alipokuja hapa Buzuruga, Mwanza, kumposa binti yangu Ayoo, nilisisitiza mila hiyo ifuatwe.

Gidion ni fundi mitambo katika kituo cha umeme wa makaa ya mawe huko Mpumalanga, Afrika Kusini. Ayoo ana pumu tangu utotoni. Mara nyingi mimi na mama yake, Rozina, tumemshika mgongo akitafuta pumzi. Kwa hiyo mahari haikunisumbua. Nilitaka kujua habari za moshi.

Mshenga alikuwa Otuoma, muuza dagaa wa Kirumba, mwenye sauti ya mnadani.

"Mzee Orwa, kijana wetu anawasha taa za nusu ya Afrika!"

"Kwa moto," nikasema. Nilisoma masomo ya jioni baada ya zamu kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, na sijaacha kusoma mpaka leo. "Makaa yanachemsha maji, mvuke unazungusha mashine, umeme unatoka. China ni hivyo, India ni hivyo, Polandi ni hivyo. Sasa niambie, moshi unakwenda wapi?"

Otuoma akamtazama Gidion. Gidion akatazama viatu vyake.

"Unakwenda juu, mzee. Kwa Mungu."

Jikoni nikamsikia Rozina akicheka.

"Na majivu?"

"Hayapo! Makaa ya kule yanafuliwa kwanza kwa sabuni."

"Otuoma, unaniuzia dagaa?"

"Ningekuwa nakuuzia dagaa ningekupa na nyongeza. Hewa ya kule ni kama hii ya ziwani. Binti atanenepa!"

Gidion akasimama. "Baba, si kweli."

"Kaa chini, wewe!" Otuoma akamvuta shati. "Unaharibu!"

"Moshi upo, baba. Bomba ni refu na vichujio vipo, lakini wakati wa baridi unashuka mpaka mitaani. Mimi mwenyewe nakohoa. Sitaki Ayoo aishi pale. Nimeomba kazi kwenye mitambo ya umeme wa maji huku nyumbani, bado sijajibiwa. Wakinikataa nitarudi tu, nitafunga nyaya za umeme majumbani hapa Mwanza. Nilimwambia mshenga aseme hivyo."

"Niseme hivyo?" Otuoma akaja juu. "Nani anampa binti mtu anayeacha mshahara mzuri?"

Nilijua Ayoo amesimama nyuma ya pazia la jikoni, ananisubiri mimi.

"Umesema mwenyewe mbele ya mkwe," nikamwambia Gidion. "Faini yake ni mbuzi."

"Nitamleta, baba."

"Umlete. Ukishamfunga hapo nje, tutapanga siku ya harusi."

Pazia likatikisika. Rozina akapiga kigelegele hukohuko jikoni. Otuoma akafuta jasho, akafungua mdomo.

"Wewe pumzika," nikamwambia. "Gidion, sogeza kiti hapa karibu. Hebu nieleze hivyo vichujio vinafanyaje kazi."