Pua ya Kituo

Pua akafungua kifuniko cha kopo la kwanza, akainama, akafumba macho kama kawaida yake, na hakunusa kitu.

"Pitisha," akasema.

Mwenye kopo akamimina maziwa yake kwenye tangi huku akitabasamu. Foleni ya wafugaji haikuwa na wasiwasi. Dawa ya kupimia maziwa iliisha zamani na hakuna aliyehangaika kuagiza nyingine, maana ingekuwa ya nini wakati Pua yupo? Huyu bwana alikuwa akiinua kifuniko tu, anakwambia ng'ombe wako kala nini jana, na kama mkamuaji alinawa mikono au alipangusia surualini. Jina alilopewa na wazazi wake hata yeye ilikuwa ajabu kulisikia.

Sasa jina lilibaki, pua ikaondoka. Iliondoka kidogo kidogo, tangu dereva wa lori la maziwa alipomkaribisha kwenye kiti cha mbele na kumkunjulia karatasi yenye kokeini. "Vuta kidogo uchangamke," alimwambia. Akachangamka kweli. Siku ile alijiona mrefu kuliko mlango wa kituo, akalisugua tangi lote peke yake huku anaimba. Lakini mwonja asali haonji mara moja. Baadaye moyo ukaanza kwenda mbio hata akiwa amekaa, usingizi ukamkimbia, na kila waliponong'ona wawili alidhani anasengenywa yeye. Puani mkabaki damu na magamba. Alipoulizwa habari za leso isiyomtoka mkononi, alijibu kwamba ni mafua.

Basi akawa anafanya kazi kwa macho. Alitazama usafi wa makopo na nyuso za wenyewe, akabahatisha. Siku nyingi bahati ilimtosha.

Kabla hajafungua kopo la pili, msimamizi wa kituo alitoka ofisini.

"Hebu simamisheni kwanza," akasema. "Lori la jana limerudishwa kutoka kiwandani. Maziwa yote yamekataliwa, yamemwagwa mtaroni. Kuna mtu aliyeleta yaliyochacha, akatuharibia wote."

Minong'ono ikapita kwenye foleni. Kila mmoja aliijua sheria: mwenye kosa hilo haleti tena maziwa mpaka msimu uishe.

"Pua, wewe ndiye unayejua. Kopo la nani?"

Macho yote yakamgeukia. Angeweza kusema ni lake yeye kosa. Maneno yalifika kooni kabisa. Akatazama nyuso. Kulikuwa na muuza nyama, mtu wa ngumi mkononi. Kulikuwa na mwalimu, ambaye angedai ushahidi mpaka jioni. Kulikuwa na mjane wa fundi baiskeli, ambaye angelia. Na mwishoni kabisa alisimama mama yake na kikopo chake, maziwa ya ng'ombe mmoja aliyemsomesha. Huyu hatabisha, Pua akawaza.

"La mama," akasema. "Jana nililitilia shaka, nikaona haya kusema."

Mama yake akamtazama usoni, akaitazama leso, akarudi usoni.

"Ni kweli," akasema. "Sikulisuuza vizuri. Mnisamehe, jamani."

Msimamizi akatikisa kichwa, kisha akamwekea Pua mkono begani. "Mnaona? Mama yake mzazi, na hakumficha. Nani mwingine hapa angeweza?"

"Huyu ndiye mtu wa haki," muuza nyama akasema, na wengine wakapiga makofi.

Pua aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Wangemtukana ingekuwa nafuu. Mama yake akajitwika kikopo chake, akatoka langoni na maziwa mazima kama alivyokuja nayo.

Mchana alijificha nyuma ya tangi, akavuta kilichobaki kwenye karatasi. Aibu haikuondoka. Iliongezewa mbio za moyo tu.

Jioni alimkuta mama yake jikoni, taa ndogo ikiwaka nyuma yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa." Akamsogezea kikopo. "Nimekamua sasa hivi. Hebu ninusie, mwanangu, nisije nikaaibika tena."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa siku nzima mtu kumwomba kitu anachokiweza, au alichokuwa akikiweza. Akafungua kifuniko, akainama, akafumba macho. Mazoea yana tabu.

"Mazuri, mama," akasema. "Mabichi kabisa. Naona amekula majani ya bondeni."

Pua akafumbua macho, akatazama vizuri. Ndani ya kopo hamkuwa na maziwa. Yalikuwa mafuta ya taa.

"Juzi maharage yaliungua na wewe umekaa hapo hapo," mama akasema taratibu. "Jirani kaja mbio na ndoo ya maji, wewe unamuuliza kuna nini. Nikasema mafua hayo. Na damu kwenye foronya, je? Kwani anayezifua ni nani?"

"Ni kokeini, mama."

"Ile wanayoisema redioni?"

"Ndiyo."

"Inayoua watu?"

Pua akaitazama mikono yake. "Usiku moyo unanienda mbio, nadhani asubuhi sitafika," akasema. Hakuwahi kumwambia mtu.

Mama akakifunika kikopo, akakisukuma mbali na moto. Akapangusa mikono kwa kanga.

"Kuitwa mchafu mbele za watu nitabeba," akasema. "Nimebeba mazito kuliko hilo. Lakini kesho wataleta maziwa, na watakaoyanywa ni watoto wa watu. Nani atanusa?"

Asubuhi foleni ilimpokea kwa heshima mpya. "Mzee wa haki," muuza nyama akamwita, na wengine wakacheka kwa furaha. Kopo la kwanza lilikuwa la mjane. Pua akafungua kifuniko, akabaki amesimama wima.

"Nimimine?" mjane akauliza.

"Sinusi kitu."

"Mafua hayajakuachia tu?" msimamizi akasema kutoka mlangoni.

"Si mafua. Na lile kopo la juzi halikuwa la mama. Mama hana kosa."

Akaitoa leso mfukoni, akaikunjua juu ya mfuniko wa tangi jinsi ilivyo, na damu yake, mpya na ya zamani. Mjane akarudi nyuma hatua, kopo lake kifuani. Huko mwisho wa foleni mtu asiyeona yanayotokea mbele akauliza kwa nini foleni haisogei.

Nje ya uzio, mama yake alikuwa ameshika lango, bila kikopo chake. Akalisukuma, akaingia, akamwendea mwanawe.