Jiwe la Mpakani Marlcombe

Kila mwaka, sikukuu ya Kupaa ikikaribia, watu wa Marlcombe huzunguka mpaka wa kijiji wakiuchapa kwa fimbo. Kwenye jiwe la mwisho mtoto mmoja hubebwa msobemsobe akabamizwa makalio juu ya jiwe hilo, asije akasahau lilipo. Osbert Tranter alibamizwa utotoni, na kweli hajasahau. Makalio yana kumbukumbu kushinda kichwa.

Mwaka huu alifika mlangoni pa kanisa akakuta kunguru tu. Kasisi alikuwa na makanisa mengine sita ya kukimbilia, vijana walishahamia mjini, na nyumba za jirani zilikuwa za watu wanaokuja wikendi tu. Asingezunguka yeye, desturi ambayo hata vita haikuikatiza ingekatikia mikononi mwake. Akashika fimbo, akaenda.

Akachapa ua wa miiba, akachapa daraja. Lango la marehemu rafiki yake Reg akalichapa mara mbili, moja kwa niaba ya mwenyewe.

Kwenye jiwe, mtoto wa kubamiza hakuna. Basi akajibamiza mwenyewe, pu! Alipotaka kuinuka, magoti yakagoma. Akabaki pale kama uyoga, manyunyu yakimlowesha.

Ng'ambo ya jiwe ikasikika fimbo nyingine. Alikuwa Enid Cobbold, mjane wa kijiji jirani cha Sallow, mahasimu wao tangu enzi za mababu, naye akizunguka mpaka wa kwao.

"Wezi wa kondoo, mmekuja wangapi?" akauliza.

"Wote ndio hawa. Na nyie wala konokono?"

"Wenzangu wako nyuma."

Osbert akachungulia nyuma yake. Malisho matupu, na mvua.

"Mbona siwaoni?"

"Wengi wao wamekufa. Lazima watembee polepole." Akamwelekezea fimbo. "Na nusu ya kalio lako iko kwetu, Tranter. Ihamishe."

"Ihamishe wewe. Mimi imenishinda."

Enid akamshika mikono, akamvuta mpaka akasimama. Hakumwachia mara moja.

"Mwakani mtakuja?"

"Tutakuja. Wote."

Wakaachana, kila mtu upande wake, maana siku hiyo mpaka hauvukwi. Osbert alipochapa mti, fimbo ya Enid ikamjibu kutoka bondeni. Akachapa tena, ikajibu kwa mbali. Karibu na daraja akachapa kwa nguvu zake zote, akasimama kusikiliza.

Akachapa tena, asije Enid akawa hakusikia.