Kiporo Chavuka Holili

Walikuwa wameshaipita Himo, Coaster inateremka kuelekea mpakani, ndipo Elisaria, kocha wao, alipoinuka tena kuhesabu watu. Alisimama katikati, akashika viti huku na huku, akahesabu kwa kidole: wachezaji kumi na wanane, yeye, Doris wa huduma ya kwanza, na dereva.

"Babu, hii mara ya tatu," alisema Doris.

"Mbuzi huhesabiwa mpaka wafike sokoni."

"Kwa hiyo sisi mbuzi?" Filbert akadakia kutoka kiti cha nyuma.

"Mbuzi wana akili, mwanangu. Hujaona mbuzi akicheza raga."

Gari zima likacheka, na Elisaria akakaa.

Hicho kilikuwa kikosi cha pili cha klabu ya raga ya pale Shirimatunda. Wenzao wa kikosi cha kwanza walikiita Kiporo, yaani ugali wa jana, na jina likaganda kama ugali wenyewe. Nusu yake ni vijana wa mlimani, watoto wa kahawa na ng'ombe wa zizini, na nahodha wao Amon alikuwa mmoja wa hao. Nusu nyingine walipanda kutoka kwenye mashamba ya miwa kule tambarare, watoto wa watu waliokuja kutoka Kigoma na Singida kukata miwa wasirudi tena. Filbert wa huko, Doris naye wa huko.

Walifanya mazoezi kila Jumanne na Alhamisi, lakini mechi hawakuwa nazo. Ligi ya nyumbani inachukua timu moja tu kwa kila klabu. Mwezi wa nne kocha mkuu, Augustino, kijana mwenye cheti, alisema kikaoni bila kupepesa macho: "Timu isiyo na mechi ni ya nini? Wakikosa ligi msimu huu, tuivunje. Uwanja nipewe mimi siku zote."

Elisaria alirudi nyumbani siku hiyo asile. Ana miaka sitini na minne, na kazi amezijaribu kama mtu anayejaribu viatu dukani: amebeba mizigo ya wageni mlimani, amekuwa utingo, amepika kwenye kambi za wachimbaji Mererani, amefagia jukwaa la klabu moja Nairobi, na hapo ndipo alipoijua raga. Kote huko alikaa mwaka, miwili, akaondoka. Kiporo peke yake ndicho alichokaa nacho miaka sita, wala hajawahi kutamani kuondoka. Kikivunjwa, hakujua angeamka asubuhi aende wapi.

Basi akauliza huku na huku mpaka akapata simu ya katibu wa ligi ya kaunti upande wa pili wa mpaka, mama mmoja anaitwa Martha. Martha hakumzungusha. "Njooni Jumamosi mcheze na vijana wetu wa Taveta. Kamati itakaa pembeni itazame. Mkicheza raga inayoeleweka, tutawaandikisha kwa msimu mzima. Kushinda si lazima, mzee. Inayoeleweka tu."

Pale Holili ofisa aliyegonga mihuri alitazama mashingo yao manene akauliza, "Mnakwenda kupigana na nani?" Amon akajibu, "Na yeyote atakayekubali, afande." Nusu saa baadaye walikuwa uwanjani Taveta, wanafunga viatu.

Sasa, Elisaria alikuwa na namna yake ya kufundisha. Mpira ukitoka kwenye lile rundo la watu waliolaliana, yeye kutoka pembeni hupaza sauti neno moja: "Juu!" au "Chini!" Wakimbiaji wote hujipanga upande huo, mpira unapita mkono kwa mkono, mwisho kuna mtu amebaki peke yake na nyasi tupu mbele yake. Neno moja tu, na lilikuwa limewaingia damuni.

Kipindi cha kwanza lilifanya kazi ukapenda mwenyewe. "Juu!" mpira ukaenda, Filbert akakimbia kama anafukuzwa na nyuki wa shamba la miwa, akaulaza nyuma ya mstari. "Chini!" Amon naye akaulaza wa pili. Mapumziko Kiporo kilikuwa na kumi na mbili, Taveta saba. Kamati, watu watatu na Martha wa nne, walikuwa wamekaa kwenye benchi wakinong'onezana na kutikisa vichwa kwa kukubali. Elisaria aliwaona, akajikuta anapiga mluzi.

Wakabadilishana magoli. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

"Juu!" Nusu ya timu ikaenda kulia, nusu ikaenda kushoto, mpira ukatupwa katikati pasipo mtu. Kijana wa Taveta akauokota kama embe lililodondoka, akaenda nao. "Chini!" Amon akagongana na Filbert uso kwa uso, wote chini kweli. Elisaria akaongeza sauti. Alivyozidi kupaza ndivyo walivyozidi kutawanyika. Dakika ishirini, Taveta wakaulaza mara tatu: ishirini na nne kwa kumi na mbili. Kwenye benchi mtu mmoja wa kamati alikuwa amefunga daftari lake.

Mwamuzi akapuliza, watu wanywe maji kwa sababu ya jua. Vijana walikuja wanatukanana.

"Wewe Filbert umelewa?" Amon akafoka. "Kocha anasema juu, wewe unakwenda wapi?"

"Nakwenda juu! Wewe ndiye unayekwenda chini!"

"Nyamazeni," alisema Doris, chupa ya maji mkononi. "Fumbeni macho, wote. Haya. Kila mtu anyooshe mkono upande wa juu."

Wakanyoosha. Amon na wenzake wa mlimani walinyoosha kulia, kwenye mawingu mazito. Filbert na wenzake wa mashamba ya miwa walinyoosha kushoto, kwenye mabanda ya soko.

"Fumbueni."

Amon akaitazama mikono ya wenzake, akasema, "Nyie, juu ni Mombasa?"

"Juu ni kushoto!" alisema Filbert. "Miaka yote kocha akisema juu tunakwenda kushoto!"

"Juu ni mlimani, wewe!"

"Mlima uko wapi? Mimi naona mawingu."

"Mlima huwa unahama?"

Elisaria alitazama mkono wa nani ulikuwa sahihi, akaona wake mwenyewe nao umenyooka, kwenye mawingu. Ndipo akaelewa. Kule Shirimatunda goli ni moja. Nguzo za pili ziling'olewa zamani, jirani akazijengea zizi. Miaka sita wameshambulia upande mmoja tu, mlima ukiwa kushoto kwao. Watoto wa kahawa walisikia mlima, watoto wa miwa walisikia mkono wa kushoto, na wote wakakimbia pamoja bila mtu kugundua. Na leo, kipindi cha kwanza, mlima uliangukia kushoto vilevile; walipobadilishana magoli, ukawa kulia.

Kwake yeye "juu" halikuwa neno la raga hata kidogo. Nyumbani kwao kitanda kina upande wa juu na upande wa chini. Mama yake alikuwa akimwambia, "Sogeza sahani juu kidogo," naye akiisogeza kuelekea kilele cha Kibo bila kufikiri.

"Basi ni kushoto na kulia," alisema Doris. "Rahisi."

"Rahisi," alisema Elisaria.

Mchezo ukaanza. Mpira ukatoka. Elisaria akafungua mdomo: "Juu... yaani kush... chini!"

"Babu!" Amon akalia kutoka uwanjani.

Mara ya pili ulimi ukafanya vilevile. Alitazama benchi la kamati. Alikuwa amekuja waone kocha, mtu anayejua kazi yake, si mzee wa kubabaika. Lakini dakika zilikuwa zinakwenda, na vijana walikuwa wanamtazama yeye badala ya mpira. Akamshika Doris bega.

"Mwanangu, sema wewe."

"Mimi?"

"Ulimi wangu umezaliwa mlimani. Sema."

Akakaa juu ya sanduku la barafu, akafunga mdomo. Doris alikuwa na sauti ya mtu aliyekulia karibu na trekta. "Kushoto! Kushoto! Kulia!" Na ile timu ikarudi kuwa timu. Hawakushinda. Filbert aliulaza tena, teke la nyongeza likapita, ikaisha ishirini na nne kwa kumi na tisa, watu wa Taveta wakipiga makofi.

Martha alimwita Elisaria pembeni, kamati ikiwa imemzunguka. "Mzee, tuambie ukweli. Zile dakika ishirini mlipatwa na nini?"

Angeweza kusema jua, au chakula cha njiani. Alisema ukweli, wote, pamoja na zizi la jirani. Yule aliyefunga daftari alicheka mpaka akavua miwani.

"Nafasi ya nane ipo, ni yenu," alisema Martha. "Lakini hapa kwenye fomu, penye jina la kocha, andika yule wanayemwelewa."

Alimpa kalamu. Elisaria aliishika kidogo, akatazama kule Doris alikokuwa akimfunga Amon bandeji. Akaandika jina la Doris, kwa herufi kubwa, akahakikisha halina kosa. Moyo ulimchoma kidogo, kisha ukatulia, akashangaa ulivyotulia upesi. Jumamosi ijayo kulikuwa na mechi.

Msimu huo Kiporo kilimaliza nafasi ya sita kati ya timu nane. Augustino hakuuleta tena ule mjadala. Mwaka uliofuata alihamia Dodoma. Filbert alipandishwa kikosi cha kwanza, akavunjika mfupa wa bega, akapona, sasa yuko kwenye kiwanda cha sukari. Amon alioa, ana ng'ombe wanne Machame. Martha bado ni katibu. Doris alisomea ukocha na anafundisha vikosi vyote viwili. Elisaria huenda na timu kila inapovuka, anabeba maji.