Mpira Mwekundu wa Wahindi

Mume wangu nilimfundisha kila kitu. Nilimwita Abudu, ingawa mama yake kule Lira alimwita Odur. Nilimfundisha kutawadha, kuswali, hata kukaa mkekani kama wanaume wetu wa Kinubi hapa Kisenyi. Wanajeshi walikuwa wanawachukua Walango, watu wa kabila lake, na waliochukuliwa hawakurudi, na Odur alikuwa na balaa la ziada: sura yake ilijulikana. Zamani timu za kriketi mjini zilipangwa kwa rangi, Wazungu kwao, Wahindi kwao, Waafrika kwao, naye alikuwa mweusi pekee aliyechezea Wahindi. Picha yake ilitoka magazetini. Sasa Wahindi wamefukuzwa, yeye kabaki chumbani kwangu na ndevu mpya, kama kuku aliyefunikwa tenga.

Siku ya Idi binamu yangu Fadhul, sajenti, alikuja kula pilau. Mfukoni alikuwa na mpira mwekundu aliouokota katika nyumba ya Wahindi kule Kololo.

"Shemeji, kamata!" Akaurusha kwa nguvu.

Odur aliudaka kwa mkono mmoja. Hilo ningelitetea, mtu hubahatisha. Lakini mkono wake, mkono mpumbavu ule, ukashuka ukaanza kuusugua mpira kwenye paja la suruali, upande mmoja tu, taratibu. Wachezaji wa kriketi ndivyo wanavyoung'arisha, hata usingizini. Nilitamani kumzaba kofi.

Fadhul aliacha kutafuna. "Abudu, hiyo kazi ulisomea wapi?"

Nikamwongezea Fadhul nyama, nikajichukia kwa kumwongezea.

"Sitasema kitu, dada," akaniambia mlangoni. "Lakini timu yetu ya kambi haina mutu anajua hii muchezo. Jumamosi nitakuja kumuchukua."

Tangu hapo huja na gari la jeshi. Odur akicheza vibaya, Fadhul hana sababu ya kumficha. Akicheza vizuri, watu wanauliza huyu ni nani. Naye anacheza vizuri, hajui kucheza vingine, mjinga wangu.

Jana Fadhul alikuja bila kunitazama usoni. Wameshinda, afande kafurahi, leo anakuja mpiga picha wa gazeti kuipiga timu picha.

"Anyoe ndevu. Nimemuambia afande ni suna, amekataa."

Gari linanguruma nje. Naogopa, sijawahi kuogopa hivi. Odur ameniomba nimshikie kioo, nami nimekishika, na kila wembe unapopita, yule mtu wa magazetini anarudi.