Nyumba ya Mbuzi

Kila mavuno, Kemuma alipeleka mkungu wa kwanza wa ndizi kwa Mzee Ojwang', jirani yake pale Uriri. Kazi hiyo aliachiwa na mama mkwe: ukoo wa Ojwang' uliwapokea watu wa mume wake wakiwa wakimbizi kutoka Kisii enzi za kodi ya vibanda, basi asante isikatike. Na Kemuma si mtu wa kusahau.

Sasa mpima ardhi amefika, na Elvis, mtoto wa Ojwang', anataka kiwanja cha Kemuma kiandikwe chao.

"Hapa panaitwa Od Diek, nyumba ya mbuzi, yaani mbuzi wetu," akamweleza mpimaji. "Babu mwenyewe alimwambia hivyo karani wa kodi wa Mzungu. Watu wa huyu mama walikaribishwa tu baadaye." Kijana anajua kuongea, hilo hatumnyimi.

Kemuma angembishia vipi mtoto wa watu waliowafadhili? Akamtazama Ojwang'. Mzee akikubali, yeye anahama na miaka yake sabini, na hajui aende wapi.

Ojwang' akakohoa. "Babu alidanganya," akasema. "Kodi ilitozwa kwa kila kibanda cha boma. Vyake vilikuwa vinne, na cha tano kilikuwa cha Mokua, babu ya mume wa huyu mama. Kingehesabiwa, babu angekosa cha kulipa, apelekwe kuvunja mawe barabarani. Mokua akatoa kitanda, akaingiza mbuzi. Mke wake akalala humo na mtoto mchanga, nyuma ya mbuzi, mpaka karani akaondoka kata hii. Miezi mitatu."

"Baba," Elvis akaanza.

"Wewe tulia. Walilala kwenye mavi ya mbuzi ili babu yetu asifungwe. Na sisi tunakula ndizi zao miaka yote hii, tunashukuriwa, tunanyamaza. Mpimaji, andika jina la mama."

Likaandikwa. Kemuma alilia palepale, mbele ya watu, na hakujificha. Alimshukuru Mungu, akamshukuru Ojwang', akamshukuru yule bibi ambaye hakuwahi kumwona.

Mavuno yalipofika alikata mkungu wake kama kawaida. Asante ni asante. Njiani akakutana na Ojwang' akivuta mbuzi jike mwenye mimba.

"Nilikuwa nakuja kwako," mzee akasema, akamkabidhi kamba. "Lakini huyu, mama, atalala nje."