Msichana wa Lenzi ya Chini

Jumapili asubuhi, kwenye soko la vitu vya zamani nyuma ya mgodi uliofungwa, Aranka Tokárová alinunua kamera ya Flexaret, ile yenye lenzi mbili, moja juu ya nyingine. Ilikuwa imewekwa juu ya turubai, kati ya kinu cha kusagia nyama na saa ya ukutani isiyo na mishale. Juma lile alikuwa amestaafu kazi ya kufagia tramu, yale mabehewa ya abiria ya mji wa Ostrava, na alikuwa amejiahidi kitu kimoja ambacho hakiliwi wala hakifuliwi. Kamera kama ile ndiyo iliyowapiga picha ya harusi yeye na mumewe, Dezider, picha ambayo baadaye ilichukuliwa na mafuriko pamoja na kabati lake.

Muuzaji, mzee Kubala, alimtazama usoni kisha akahamishia macho kwenye mikono yake, kama watu wa mji ule wanavyowatazama Waroma, Wajipsi kama yeye, wanapogusa bidhaa. Lakini Aranka aliishika kamera kwa viganja viwili, mbele ya tumbo, na mzee akatulia.

"Unajua kuitumia, mama?"

"Sijui. Utanifundisha."

"Nani kasema?"

"Ukiuza mbuzi, si unamwonyesha mtu namna ya kumkamua?"

Kubala akacheka. Akamwonyesha kwamba lenzi ya juu ni ya kuangalia tu, na ya chini ndiyo inayopiga. Unafungua kifuniko, unaangalia chini kwenye kioo, unaiona dunia imegeuka, kushoto kumekuwa kulia. Ukitaka kumfuata mtu anayeondoka, mkono wako unakwenda kinyume naye, mpaka uzoee.

"Lazima uiname," alisema. "Haikubali kiburi, hii."

"Nimeinamia wengi, mzee. Hii angalau itanipa picha."

"Na kila ukipiga, zungusha filamu. Yenyewe haikukumbushi. Ukisahau, picha ya pili inakaa juu ya ya kwanza, shangazi yako anaota mti kichwani."

Filamu ya kwanza ilikuwa ya Dezider tu, kwa kuwa ndiye pekee aliyekubali kutulia. Dezider kwenye benchi la uani, Dezider akikoroga sufuria, Dezider akinyoa ndevu. Kwenye kioo alikuwa peke yake kila mara. Kubala aliposafisha picha kwenye duka lake dogo la mjini, pembeni ya Dezider alikuwapo msichana wa miaka kama sita, nywele zimesukwa mikia miwili, masikio yametokeza. Kwenye ile ya kunyoa alikuwa ameshika kopo la sabuni.

"Ulisahau kuzungusha," alisema Kubala.

"Labda," alisema Aranka. Nyumbani kwake hakukuwa na mtoto.

Hakukuwa na mtoto kwa sababu ya mwaka wa pili wa ndoa yao, alipoingia hospitali kutolewa kidole tumbo akatoka amefungwa kizazi. Hakuna aliyemwuliza. Kuna karatasi aliwekewa mkononi huku maumivu yakimkata, akaambiwa aandike jina lake, akaandika. Kwa miaka mitatu mama mkwe alimchemshia majani ya kila aina, mpaka daktari mmoja wa mji mwingine alipomwambia, bila kuinua kichwa, kwamba anapoteza majani. Wanawake wa mtaa wao waliofanyiwa hivyo walitosha kujaza tramu, na madaktari waliofanya hivyo walistaafu kwa heshima, wakapewa maua.

Dezider alizitazama picha mezani, juu ya kahawa yake yenye machicha.

"Masikio yangu, maskini," alisema.

"Nywele zangu."

"Afadhali." Akanyanyuka, akaongeza sahani ya tatu mezani.

Mwaka ule serikali ilikuwa inapokea maombi ya fidia ya wanawake kama yeye, na mwaka ulikuwa unakwisha. Ofisi ilitaka ushahidi. Hospitali ilisema majalada yameozea kwenye mafuriko. Bwana Hruška wa ofisi ya fidia alisema anasikitika sana, na alilisema vizuri, mtu angedhani amelifanyia mazoezi. Aranka hakuwa na haja kubwa ya zile pesa. Alitaka mtu mmoja mwenye mhuri aseme: tulikufanyia. Akampelekea Hruška zile picha, kamera ikiwa shingoni.

Hruška aliziangalia, akatabasamu.

"Marehemu baba alikuwa na kamera kama hii. Umesahau kuzungusha filamu, Bi Tokárová. Kosa la wanaoanza."

Aranka alirudi nyumbani kwa miguu, maana hasira yake isingeenea kwenye tramu. Kumwona mwanao kwa mara ya kwanza, halafu mtu mwenye tai akuambie ni uzembe wa mkono wako! Alipofika aliweka filamu mpya, akaanza kujifunza upya. Alijifunza kuusoma mwanga kwa kutazama ukuta mweupe wa jirani. Alijifunza kukoki, kubana pumzi, kufyatua kwa ncha ya kidole. Kila baada ya picha alizungusha, na huku akizungusha alisema kwa sauti, "Nimezungusha." Dezider, benchini, alijibu, "Nimesikia." Majirani walipita wakawasalimia. Mmoja, aliyekwisha kuonyeshwa picha, aliuliza mtoto anaitwaje, Dezider akamwambia bado, naye akaendelea na ndoo yake ya makaa.

Safari hii Kubala hakuukata mkanda. Picha zilifuatana moja moja, na kati ya moja na nyingine kulikuwa na nafasi tupu, iliyo sawa. Msichana alikuwapo kwenye kila moja. Kwenye ya mwisho alikuwa anaangalia moja kwa moja kwenye lenzi ya chini, amekunja uso, kama mtoto aliyechoka kusubiri.

"Hukusahau," alisema Kubala. Akakataa malipo, akaingia nyuma ya duka na hakutoka mpaka Aranka alipoondoka.

Aranka na Dezider walikwenda ofisini wote wawili. Hruška aliuinua mkanda dirishani, akautazama picha kwa picha, bila haraka.

"Sawa," alisema. "Nakubali. Mtoto yupo."

Dezider akavua kofia. Aranka alimshika mkono.

"Basi shauri lenu limekwisha," aliendelea Hruška, huku akivuta jalada. "Fidia ni ya wanawake waliofungwa kizazi. Wewe una mtoto. Aliyefungwa kizazi hazai."

"Hakuzaliwa," alisema Aranka. "Ndilo ninalokuambia tangu siku ya kwanza. Hakuzaliwa kwa sababu yenu."

"Picha haidanganyi, bibi. Na umeileta mwenyewe."

"We bwana, una akili timamu?" alisema Dezider.

"Tuheshimiane, tafadhali." Hruška akapiga mhuri. "Na kwa umri huu anatakiwa awe shule. Jina lake?"

Aranka angeweza kumtupia mhuri wake dirishani, na mkono ulikuwa umeshaanza safari hiyo. Lakini tangu alipotoka hospitali ile, hakuna mtu wa ofisi yoyote aliyewahi kumwuliza jina lile, na alikuwa nalo muda wote.

"Ružena," alisema.

Hruška alipiga simu chumba cha pili. Hawakuuliza kama mtoto anajua kuhesabu. Waliuliza mtaa anaoishi, na mtaa wa Waroma ulitosha. Ružena alipangiwa shule ya watoto wazito wa akili, ile ile waliyopangiwa mama yake na baba yake.

"Hajafungua mdomo bado," alisema Dezider. "Mmejuaje kama ni mzito?"

"Ni kwa faida yake," alisema Hruška, akawafungulia mlango.

Njiani Dezider alisema mtoto wake haendi kule. Aranka alisema atakwenda, kwa sababu pale ndipo mahali pekee nchini palipoandikwa kwamba yupo. Waligombana mpaka nyumbani, kisha Dezider akatoa suti kabatini, akaanza kuipiga brashi.

Septemba mosi wazazi huwapiga picha watoto wa darasa la kwanza mlangoni pa shule. Wengine walikuwa na simu, Aranka alikuwa na Flexaret yake shingoni. Dezider alisimama kwenye ngazi, mkono mmoja ameutenga kidogo na mwili, vidole vimekunjwa. Mwalimu alitoka akaita majina. Alipofika kwa Tokárová Ružena, aliweka alama kwamba yupo, bila kuangalia.

"Huyu atakaa nyuma," alisema.

Alichokuwa nacho Aranka cha kusema alikwisha kukisema, wakakipigia mhuri. Aliinama juu ya kioo. Kwenye kioo alikuwapo Dezider, na ngazi tupu pembeni yake. Akakoki, akabana pumzi, akafyatua. Kisha akainua kichwa, akazungusha filamu mpaka ikagota, mbele ya mwalimu na mbele ya wazazi wote, ili asije mtu akasema alisahau.